Somo: Kuipa nguvu injini ya Farmall M kwa mashindano ya kuvuta

Wakuu, somo la leo ni injini ya Farmall M, trekta la International Harvester lililotengenezwa kuanzia 1939 hadi 1952. Wenzetu walioko Marekani wanaoshindana kwa matrekta ya zamani ndio walioliomba, ila hesabu zake zinamfaa yeyote anayefungua injini.

Kwa asiyeyajua mashindano haya: trekta hufungwa mnyororo likavuta sledi yenye sanduku la vyuma vizito. Sledi ikisogea, sanduku nalo linapanda kuja mbele, uzito unaikandamiza sledi ardhini, na kila mita inakuwa nzito kuliko iliyotangulia. Umbali kamili ni futi 300, kama mita 91. Mwisho wa uwanja ndipo mizunguko ya injini inaposhuka, na hapo ndipo torki (nguvu ya injini ya kuzungusha) inapotenganisha trekta na trekta. Kwa hiyo tunatafuta torki ya mizunguko ya chini na ya kati.

Hatua ya 1: Soma sheria za daraja lako. Kuna madaraja yanayodai bloku ya asili, mengine yanaweka kikomo cha mizunguko au mwendo. Usinunue hata gasketi kabla ya kuzisoma.

Hatua ya 2: Anza na krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Hapa ndipo pa kutumia pesa. Injini ya M ina beringi kuu 3 tu kwa silinda 4, na ilipangiwa kufanya kazi kwa mizunguko 1,450 kwa dakika. Ukiipeleka 2,400, nguvu inayozivuta konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti) inaongezeka karibu mara 2.7, kwa sababu inapanda kwa mraba wa mizunguko. Peleka krenkishafti na konrodi zikapimwe nyufa kwa sumaku. Weka boliti mpya za konrodi. Pistoni na konrodi zilingane uzito, kisha krenkishafti na fraiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenkishafti) zifanyiwe balansi pamoja. Kwenye beringi acha nafasi ya mafuta ya takriban sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo, pale krenkishafti inapokaa kwenye beringi: shingo ya mm 60, nafasi mm 0.06. Pampu ya oili ifunguliwe na ipimwe, hata kama presha ilikuwa nzuri.

Fraiwili ya chuma cha kutupwa yenye ufa ikipasuka inaua mtu. Ikaguliwe, na uweke kinga ya chuma kuizunguka.

Hatua ya 3: Ongeza ujazo. Silinda ya asili ina kipenyo cha inchi 3 na 7/8, na pistoni inasafiri inchi 5 na robo. Jumla ni kama lita 4.06. Slivu (kuta za silinda zinazobadilishwa) na pistoni za inchi 4 zinaingia kwenye bloku hiyohiyo, ukapata lita 4.32, ambao ndio ujazo wa Super M. Ringi ziachie pengo la kama mm 0.4 kwa kipenyo hicho. Ringi zikibanana kwenye joto, silinda inachanika.

Hatua ya 4: Kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda. Injini ya petroli ilitoka kiwandani na kompresheni chini ya 6 kwa 1, na ile ya mafuta ya taa chini zaidi. Lengo langu kwa petroli ya kawaida ni 8 kwa 1. Hesabu: silinda moja ya inchi 4 ina cc 1,081. Gawa kwa 7 (yaani 8 toa 1), unapata cc 154. Huo ndio ujazo wote unaotakiwa kubaki juu ya pistoni ikiwa kileleni, gasketi ikiwemo. Upime kwa sirinji na oili nyepesi kabla ya kumpa fundi hedi (kifuniko cha juu cha silinda) aichonge. Pistoni yenye kichwa kilichoinuka ni bora kuliko kuila hedi mpaka iwe nyembamba.

Kisha bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono, fungua, pima unene wa udongo uliobaki. Kati ya valvu na pistoni nataka angalau mm 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutoa.

Hatua ya 5: Kupumua na moto. Kama trekta lako lilikuwa la mafuta ya taa, toa manifoldi yake, yaani bomba la kuingizia hewa. Iliundwa kuipasha joto hewa inayoingia, na hewa ya moto ni nyepesi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Taimingi (wakati cheche inapowaka) isogezwe kidogokidogo huku trekta likiwa kwenye dainamomita ya PTO, kipima nguvu kinachofungwa kwenye shafti ya nyuma ya trekta. Ikianza kugonga, rudisha nyuma.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini nisianze na kabureta kubwa? Ndiyo rahisi.*

Kwa sababu injini isiyoongezwa ujazo wala kompresheni haina pumzi ya kuitumia. Kwenye mizunguko ya chini, hewa inapita polepole katika koo pana, petroli haichanganyiki vizuri, na trekta linakufa hapohapo sledi inapokuwa nzito. Kabureta ije mwisho.

*Kamshafti mpya inahitaji oili gani?*

Yenye zinki ya kutosha. Tapeti za injini hii ni bapa, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa zinki. Ikiwaka mara ya kwanza, usiiache ikizunguka polepole (sailensa). Ishikilie kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika 20.

*Shikamoo fundi. Niko Mbarali, nina Massey Ferguson 135 ya kulimia mpunga. Naweza kuiongezea nguvu hivi?*

Marahaba. Hapana, usifanye. Yako ikiwa na Perkins ya dizeli ya silinda 3, mambo ni tofauti. Injini ya mashindano inabebeshwa mzigo kwa muda mfupi tu kisha inapumzika. Yako inalima kutwa nzima. Ukifungulia dizeli zaidi utaona moshi mweusi, na joto litakula pistoni. Pima nozeli, weka nafasi za valvu (tapeti) sawa, badilisha filta ya dizeli, safisha ya hewa, kisha pima kompresheni. Lete namba utakazopata za kila silinda nizione.