Namna ya kuandika historia ya uchaguzi ya jimbo lililofutwa: mfano wa Singida Kusini

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Dodoma, mwaka wa tatu. Jumamosi moja alikuja nyumbani na kompyuta yake, akanisalimia, akakaa, akasema, "Mjomba, msimamizi wangu amekataa sura ya tatu yote." Nikafungua. Jedwali lilikuwa zuri kwa macho: Singida Kusini, 1995 hadi 2020, mshindi, chama, kura. Mstari wa 2010 uliandikwa Tundu Lissu, Chadema. Mstari wa 2015, Tundu Lissu tena. Chini yake aya inayoeleza jinsi Singida Kusini ilivyohamia upinzani.

Singida Kusini haikuwahi kumchagua Tundu Lissu. Mwaka 2010 jimbo hilo halikuwepo tena.

Kosa hilo nimeliona mara nyingi, na mimi mwenyewe nililifanya zamani nilipokuwa naandaa kumbukumbu za namna hii. Kwa hiyo naandika hapa njia niliyompitisha mpwa wangu, kwa mfano wa jimbo lake. Itamfaa yeyote anayeshughulikia jimbo lisilokuwepo tena, hasa huku Kanda ya Kati.

Hatua ya 1: Jua jimbo lilikufaje

Kabla hujatafuta hata kura moja, jibu swali hili. Jimbo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilishwa jina. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Singida Kaskazini litaitwa Ilongero, Chilonwa litaitwa Chamwino, na Mtera litaitwa Mvumi. Hapo kazi ni nyepesi: unaunganisha majina mawili, unaweka alama mwaka lilipobadilika, unaendelea.

Ya pili ni kugawanywa. Singida Kusini liligawanywa kuelekea uchaguzi wa 2010, yakapatikana Singida Mashariki na Singida Magharibi. Hapo historia ya jimbo la zamani inaishia uchaguzi wa 2005, nukta. Kinachofuata ni historia za majimbo mawili mengine, na hazina haki ya kukaa kwenye mstari mmoja na ya mzazi wao.

Kuna aina ya tatu ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani: jina linabaki, ardhi inapungua. Mwaka 2025 Dodoma Mjini lilitoa jimbo la Mtumba, lakini Dodoma Mjini bado linaitwa Dodoma Mjini. Mtu atakayelinganisha kura za 2020 na 2025 atadhani wapiga kura wamehama mji.

Idadi ya jumla inakupa dalili mapema. Majimbo yalikuwa 232 mwaka 2005, yakawa 239 mwaka 2010, 264 mwaka 2015, na 272 mwaka 2025. Kila idadi ilipopanda, kuna jimbo lilikatwa mahali. Mamlaka ya kukata yako ibara ya 75 ya Katiba: Tume hugawa baada ya kupata kibali cha Rais, na hutakiwa kuchunguza mipaka angalau kila miaka kumi. Uamuzi hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Hilo gazeti ndilo ushahidi wako. Habari za magazeti ya kawaida zikusaidie kujua tarehe ya kulitafuta, basi.

Hatua ya 2: Panga miaka

1965, 1970, 1975, 1980, 1985, 1990, 1995, 2000, 2005, kisha mwisho wa Singida Kusini. Usisahau kwamba uchaguzi wa 2005 ulifanyika 14 Desemba, si Oktoba. Uliahirishwa baada ya mgombea mwenza wa Chadema kufariki.

Hatua ya 3: Shuka hadi kwenye kata na vijiji

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima mbili miaka ile, na ndipo mpwa wangu alipopotelea. Nitakaa hapa.

Jina la jimbo si eneo. Eneo ni vijiji, na vijiji vimekusanywa kwenye kata, na kata ndizo zinazohamishwa huku na huku. Mtu akikuambia "Singida Kusini" muulize: kata zipi?

Vurugu ya Singida ina tabaka tatu. Kwanza, wilaya. Hadi 2012 majimbo haya yalikuwa ndani ya Wilaya ya Singida, ile watu wanayoiita Singida Vijijini. Mwaka 2012 ikazaliwa Wilaya ya Ikungi, ikachukua eneo la Singida Mashariki na Singida Magharibi. Kwa hiyo uchaguzi wa 2010 matokeo yako chini ya halmashauri moja, na wa 2015 yako chini ya nyingine, ingawa mpiga kura wa Mungaa hakuhama hata hatua moja. Ukitafuta kwa jina la wilaya pekee, utapata nusu ya karatasi na utaamini ndizo zote.

Pili, kata zenyewe hukatwa. Kata iliyoandikwa kwenye orodha ya mwaka 2000 inaweza kuwa kata mbili mwaka 2010, na jina la zamani likabaki kwa moja tu. Ndiyo maana nasema shuka hadi kijiji.

Tatu, na hili nawaomba mlishike: neno lenyewe "jimbo" limebadilika maana. Kwenye maandishi ya enzi ya ukoloni, Jimbo la Kati ni eneo zima la utawala lililobeba Dodoma, Singida, Kondoa, Manyoni, Iramba na Mpwapwa. Halihusiani na jimbo la uchaguzi la leo. Mpwa wangu alikuwa amenakili aya nzima kuhusu "wapiga kura wa Jimbo la Kati" akaiweka kwenye historia ya Singida Kusini. Tukaifuta.

Sasa, namna ya kufanya. Mimi natumia kaunta buku, lile la kwaya nne, na penseli. Najua vijana wanataka kuanza na kompyuta. Msianze na kompyuta. Jedwali la kompyuta linakulazimisha ujaze kisanduku hata kama huna jibu, na kisanduku kilichojazwa kwa kubahatisha kikishapendeza machoni hakuna atakayekirudia. Kwenye kaunta buku unaacha wazi, unaandika alama ya kuuliza, unarudi.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto kabisa, vijiji, kimoja kila mstari. Kisha safu moja kwa kila uchaguzi. Ndani ya kila kisanduku unaandika kata na jimbo la kijiji hicho mwaka huo, hakuna kura bado. Tulipomaliza ya mpwa wangu, ilionekana kama mto unaogawanyika: safu ya 2005 vijiji vyote vimeandikwa SK, yaani Singida Kusini, halafu safu ya 2010 vile vya Mungaa, Ikungi na Mang'onyi vinakwenda Mashariki, na vile vya Sepuka na Ihanja vinakwenda Magharibi. Alikaa kimya akiutazama ukurasa ule. Kisha akasema, "Kwa hiyo kura za Lissu ni za upande huu tu." Ndiyo. Za upande ule tu.

Ukikwama kwenye kijiji, muulize mzee wa pale, lakini muulize vizuri. Usimwulize "mlikuwa jimbo gani mwaka 1990?" Hakuna anayekumbuka hivyo. Muulize, "Mlipigia kura wapi, na diwani wenu alitoka kijiji gani?" Mzee mmoja wa Ikungi nilimpigia simu, akanitajia kituo, mti uliokuwa nje ya kituo, na diwani. Kwa majibu hayo kata ilijulikana.

Jingine: usilinganishe asilimia za waliojitokeza kabla na baada ya 2005 bila maelezo. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza 2004. Kabla yake watu waliandikishwa upya kila uchaguzi. Na mwaka 2015 uandikishaji ukaingia kwenye alama za vidole. Kigawanyo, yaani idadi ya walioandikishwa, kimebadilika mara mbili.

Hatua ya 4: Tafuta nani alikuwa mbunge

Anza na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vya Bunge. Nazipenda kuliko chanzo kingine chochote, na nyingi zipo kwenye tovuti ya Bunge. Siri yake ni hii: usisome zote. Nenda mkutano wa kwanza wa kila Bunge jipya, mahali pa kiapo cha uaminifu. Bunge la Tisa lilianza Desemba 2005, la Kumi Novemba 2010. Hapo wabunge wote wanaapa, unapata majina kwa mkupuo.

Kwa Singida Kusini utamkuta Mohamed Missanga kwenye Bunge la Tisa. Kwenye Bunge la Kumi utamkuta tena, lakini sasa ni mbunge wa Singida Magharibi. Hapo hapo mgawanyiko unaonekana kwa macho: mbunge wa jimbo la zamani amekwenda na nusu moja kwa tiketi ya CCM, na nusu nyingine imemchagua Lissu wa Chadema. Hakuna jimbo lililogeuka. Kuna eneo lililogawanywa, na nusu zake mbili zikachagua tofauti siku moja.

Na Lissu ana nafasi yake halali kwenye historia ya Singida Kusini: aligombea pale 1995 kupitia NCCR-Mageuzi, akakosa. Mwandike kama mgombea wa 1995. Miaka kumi na mitano baadaye, nusu ya ardhi ileile ikampeleka bungeni. Hiyo ndiyo habari, na ni nzuri kuliko ile ya jedwali la kwanza.

Ondoa wabunge wa viti maalum na wa kuteuliwa. Hawana jimbo, na wanachanganya.

Hatua ya 5: Matokeo ya kura

Ripoti za Tume baada ya kila uchaguzi mkuu. Ofisi zao ziko Njedengwa, hapa Dodoma; andika barua yenye mhuri wa chuo, taja jimbo kwa jina la wakati ule na mwaka. Usitaje jina la sasa.

Hatua ya 6: Enzi ya chama kimoja

Kuanzia 1965 hadi 1990 safu ya "chama" haina maana, futa. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili waliopitishwa na chama, TANU na baada ya 5 Februari 1977 CCM, na mpiga kura alichagua kwa alama: jembe au nyumba. Andika alama. Wasomaji wengi hudhani uchaguzi ule haukuwa na ushindani. Mwaka 1965 Paul Bomani, waziri wa fedha, alipoteza kiti chake. Ushindani ulikuwepo, ila ulikuwa wa mtu na mtu, na ulipimwa ndani ya chama kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, huku kwetu ongeza safu ya kura za maoni, zile za kumpata mgombea ndani ya chama, hata kwa miaka ya vyama vingi. Mtera mwaka 2010, John Malecela, waziri mkuu wa zamani, aliangushwa na Livingstone Lusinde ndani ya CCM, kabla ya siku ya uchaguzi mkuu. Anayesoma matokeo ya Oktoba pekee ataona CCM imefuatwa na CCM, na atakosa tukio kubwa kuliko yote katika jimbo lile.

Ukitaka kurudi nyuma ya 1965, kumbuka kwamba 1958 na 1959 kila mpiga kura alipiga kura tatu: kwa Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na 1960, katika viti 71, wagombea 58 walipita bila kupingwa. Huko hakuna kura za kuhesabu kwa sehemu nyingi, na "bila kupingwa" liandikwe kama lilivyo, si sifuri.

Hatua ya 7: Chaguzi ndogo

Hizi huanguka katikati ya miaka yako mizuri ya tano tano na hupotea. Singida Kusini usiziache, na kwa majirani zake ndiyo kabisa. Lazaro Nyalandu alikuwa mbunge wa Singida Kaskazini tangu 2000, akajiuzulu 30 Oktoba 2017 na kwenda Chadema. Uchaguzi mdogo ukafanyika 13 Januari 2018, akashinda Justin Monko wa CCM. Lakini Chadema ilisusia uchaguzi huo, kwa hiyo asilimia ya Monko usiiweke pembeni ya asilimia ya Nyalandu ya 2015 bila kusema hilo kwenye mstari uleule. Si chini ya ukurasa. Kwenye mstari.

Singida Mashariki nayo: Lissu alipigwa risasi Dodoma 7 Septemba 2017, akavuliwa ubunge Juni 2019 akiwa nje kwa matibabu, na Miraji Mtaturu wa CCM akatangazwa kupita bila kupingwa. Kiti kimebadilika chama, na hakuna kura hata moja iliyopigwa. Jedwali lenye mshindi na chama peke yake litasema wananchi waligeuka. Kwa hiyo weka safu inayoitwa "namna kiti kilivyopatikana", na ijazwe kila mstari: kura, bila kupingwa, uchaguzi mdogo.

Hatua ya 8: Sasa fungua kompyuta

Hamisha kutoka kaunta buku. Majedwali matatu tofauti: Singida Kusini hadi 2005, Mashariki kuanzia 2010, Magharibi kuanzia 2010. Mpwa wangu aliomba tuyaweke ukurasa mmoja kwa kuwa yanahusiana. Nikakubali kwa sharti kwamba katikati iwe na mstari mnene na orodha ya kata zilizokwenda kila upande. Alama za kuuliza zihamie nazo. Juu ya kila jedwali andika tarehe uliyoyakagua.

Kaunta buku usilitupe. La mpwa wangu tulilitoa nakala mbili kwenye duka la fotokopi, moja akaipeleka kwa msimamizi wake, nyingine ikapanda basi la Singida kwa yule mzee wa Ikungi, ambaye Jumanne alinipigia kusema vijiji viwili vya upande wa Ihanja tumevipa kata isiyo yake.