Somo: Breki za 109 (Land Rover ndefu) na springi nyepesi kwenye Land Rover 88, kazi ya kufanyia nyumbani

Wadau wenye Land Rover Series III fupi, zile 88 za kati ya 1971 na 1985, somo hili ni lenu. Swali ninaloulizwa kila mara ni breki za disiki za mbele zinapatikana wapi. Zipo seti za kuagiza Uingereza, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru bei inaumiza. Msimamo wangu: kwa gari la kuzunguka Dar na mara mojamoja kushuka mlima Kitonga, dramu (ngoma za breki) za inchi 11 za 109 zikifungwa vizuri zinatosha kabisa. Anzeni kuulizia Gerezani na Ilala kwa wanaokata magari ya zamani.

Tofauti yenyewe ni hii. Mbele, 88 nyingi zina dramu za inchi 10 na wili silinda (silinda ndogo ya breki kwenye gurudumu) moja inayosukuma shuu mbili, yaani vile viatu vya breki vinavyobana dramu kwa ndani. Gari likienda mbele, shuu moja tu ndiyo inayovutwa na dramu ikajikaza yenyewe. Ya pili inasukumwa kurudi. 109 ina wili silinda mbili kila gurudumu la mbele, na shuu zote mbili zinajikaza. Nguvu hiyo unaipata bila kuongeza uzito wa mguu.

Na tuanze na breki, springi baadaye. Gari likishakuwa laini dereva anaongeza mwendo bila kujijua.

Hatua ya 1: Kulisimamisha gari

Hapa naomba msome taratibu. Handibreki ya Series haikamati magurudumu. Inakamata shafti nyuma ya gia boksi ndogo. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli) inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke, na gari linaondoka huku handibreki imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara. Fanyia kazi kwenye sakafu ya zege. Mchanga wa Kigamboni unameza jeki. Tumia stendi za chuma. Bloku za saruji zinapasuka ghafla, usilale chini ya gari lililoegemea bloku.

Hatua ya 2: Kufungua

Toa dramu, kisha flanji (kifuniko cha katikati ya gurudumu) yenye bolti sita, kisha nati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwa boksi spana ya milimita 52. Ukitoa habu utaona bamba linalobeba shuu, nalo limeshikwa na bolti sita. Vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa kama tulivyozoea kwenye gereji zetu. Lining (tabaka la kusugua lililo juu ya shuu) za enzi zile nyingi zilikuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, tambara funga kwenye mfuko utupe. Watoto wawe mbali.

Hatua ya 3: Kufunga za 109

Mabamba yana kushoto na kulia. Ukiyabadilisha, shuu zote zitafanya kazi kinyume na breki itakuwa dhaifu kuliko ile uliyotoa. Namna ya kuhakikisha: gari likienda mbele, dramu itoke upande wa pistoni ikielekea mkiani mwa shuu.

Wili silinda nunua mpya, shuu mpya, na sili za oili za habu mpya, maana oili ikivuja kwenye lining kazi yote imeharibika. Dramu za mtumba zipeleke kwa fundi wa kerezo, zichongwe zote mbili kwa kipimo kimoja. Zikizidi kipimo cha mwisho, achana nazo.

Hatua ya 4: Masta silinda na paipu

Masta silinda ndiyo silinda kuu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Series III nyingi za mwanzo zina njia moja ya mafuta: paipu moja ikipasuka, breki zote zimekwisha. Kama yako ni hiyo, hapa ndipo pa kutumia pesa. Weka masta silinda ya njia mbili, mbele peke yake na nyuma peke yake. Iwe ya kuendana na dramu za inchi 11, kwa sababu wili silinda nne za mbele zinataka mafuta mengi zaidi, na masta ndogo itakupa pedali ndefu.

Paipu za chuma za kawaida haziwezi hewa ya chumvi ya mji huu. Tafuta za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Linganisha nyuzi za kila nati kabla ya kukaza, kwani magari haya yana za inchi na za milimita. Na hozi za mpira zote mpya.

Hatua ya 5: Kutoa upepo

Mafuta ya DOT 4 mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Yanafyonza unyevu: yakiwa makavu yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishalowa kiwango ni 155 tu. Kwa unyevunyevu wa Dar, badilisha kila baada ya miaka miwili. Yakidondokea rangi ya bodi, mwagia maji haraka.

Wili silinda za 109 zinajulikana kwa ubishi wa kushika upepo. Bana shuu kwa klampu pistoni zirudi ndani kabisa, ndipo uanze: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chupa ya mafuta ya breki iliyo juu isikauke. Ukimaliza, rudisha dramu na urekebishe kila shuu: kaza hadi igome, legeza hadi gurudumu lizunguke huru.

Hatua ya 6: Springi

Springi za zamani ni majani mengi yanayosuguana, yakipata kutu yanakuwa kama ubao. Springi za paraboliki zina majani mawili au matatu, manene katikati na membamba mwishoni, yasiyogusana isipokuwa katikati na ncha. Matuta ya barabara zetu utayasikia tofauti kabisa. Lakini msuguano ule wa zamani ndio uliosaidia kutuliza gari, hivyo lazima ununue na shokamzoba zilizotengenezwa kwa springi hizo.

Kazi ngumu ni bushi (mpira ndani ya ganda la chuma) ya chasisi upande wa shakeli, kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi. Usiipige nyundo ovyo. Toboa mpira wake utoke, kisha ingiza jino la msumeno wa chuma ndani ya ganda na ulikate taratibu, likipasuka linalegea. Wakati huohuo kagua chasisi kwa kuigonga. Pakitoa sauti ya bati lililooza, chomelea kwanza.

Yu-bolti, zile zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe, litikise, ndipo ukaze, la sivyo mpira unabaki umejipinda na kukatika mapema. Rudia kukaza yu-bolti baada ya wiki ya kutembea. Gari likiwa limepanda juu, hakikisha hozi za breki hazivutiki.

Jaribu kwanza uani, halafu barabara ya mtaa isiyo na watu, mwendo mdogo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Yangu ni dizeli, naweza kuongeza sevo (kifaa cha kuongeza nguvu ya breki kwa mvuto wa hewa)?
Jibu: Unaweza, ila petroli inapata mvuto wa hewa kutoka manifoldi, dizeli haina wa kutosha. Utahitaji pampu ya kuvuta hewa inayoendeshwa na injini. Ukikosa pampu, usifunge.

Swali: Kaka, nimefunga kila kitu lakini gari linavuta kushoto nikikanyaga.
Jibu: Upande wa kulia ndio wenye shida, haukamati sawa. Kagua marekebisho ya shuu, kisha oili kwenye lining, kisha upepo. Kama vyote viko sawa, angalia kama bamba la kulia ni la kulia kweli.

Swali: Mimi ni dada wa Tabata, gari la marehemu baba. Fundi anasema aongeze jani kwenye springi za zamani badala ya kununua mpya.
Jibu: Pole kwa msiba, dada. Jani la ziada linainua gari na kulifanya gumu zaidi. Kama bajeti ni ndogo, mwambie azifungue, asugue kutu kila jani, apake grisi, abadilishe bushi na senta bolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja). Jani lililopasuka ndilo libadilishwe.

Swali: Mkuu, tangu niweke za 109, nikirudi nyuma kwenye kilima cha Goba breki naziona laini. Ni upepo?
Jibu: Si lazima. Gari likirudi nyuma, shuu zote za mbele zinapoteza ile nguvu ya kujikaza, ndivyo zilivyoundwa. Kanyaga kwa nguvu zaidi na rudi taratibu. Pedali ikizama au ikiwa kama sponji hata ukienda mbele, hapo toa upepo upya.