Kumvisha kanga mtu wa Blender mpaka ikae kama kanga kweli

Haya wadau, mmeniuliza sana ile kanga ya yule mama anayetembea kwenye video yangu nimeifanyaje, maana wengi mkijaribu nguo inatoka ngumu kama bati au inapita katikati ya mapaja. Leo naelezea yote. Mi natumia Blender, programu ya kutengeneza watu na vitu vya 3D na kuvichezesha, kwa sababu ni bure na laptopu yangu ni ya mtumba ya ramu 8, ukiwa na programu ya kulipia mambo ni yale yale, majina ya vitufe ndo yanabadilika.

Kabla hujawasha kompyuta shika kanga mkononi. Sifanyi utani. Mi nilienda kwa shangazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, na futikamba ya fundi cherehani, shikamoo shangazi, naomba kanga nipime, "marahaba, unataka kunishonea nini?", nikamwambia naishona kwenye kompyuta, akanicheka wee, ila akanipa. Mita moja na nusu kwa sentimita 110 hivi. Afu nikamwomba ajifunge taratibu nimrekodi na simu, na hapo ndo nikaona kitu ambacho miaka yote nakiangalia bila kukiona: kanga nzima inashikiliwa na kipande kidogo sana, ile pembe anayoisokota na kuichomeka kiunoni, kwingine kote inaning'inia tu. Ukishajua nguo inashikwa wapi, nusu ya kazi imeisha.

Sasa skeli, hapa wengi wanafeli halafu wanalaumu programu. Blender inahesabu kwa mita, na mtu aliyeingia kwa faili la FBX (la kuhamishia vitu vya 3D kutoka programu nyingine) mara nyingi anakuja na skeli ya 0.01. Chagua mtu na nguo, bonyeza Kontroli na A uchague Scale, namba zote za skeli zisome 1, mtu awe na kimo cha kibinadamu, mita 1.6 hivi. Fanya hivi kabla hujaweka animesheni la sivyo atavurugika viungo. Mtu akiwa na mita 16 nguo yake itashuka polepole kama iko majini, hata ucheze na setingi mpaka alfajiri.

Kanga yenyewe anza na gridi bapa ya mita 1.5 kwa 1.1, igawe 75 kwa 55, yaani kila kijumba sentimita mbili. Picha ya mji (ile sehemu ya katikati), pindo na jina (yale maandishi) ibandike hapo hapo ingali bapa, maana ukisubiri mpaka imeshakunjwa maandishi yatapinda na watu wa huku wanasoma jina kwanza kabla hawajaangalia nguo. Afu vijumba vya mraba vilivyojipanga sana vinakunjika kwenye mistari ile ile kama karatasi, kwa hiyo vigeuze viwe pembetatu zilizochanganyika mielekeo. Ukishaanza kurekebisha setingi usiongeze tena idadi ya ncha, yaani zile nukta ambapo mistari ya vijumba inakutana, kwa sababu uzito kwenye Blender unawekwa kwa kila ncha, ukiongeza ncha nguo inabadilika tabia na unaanza moja.

Kuizungusha: usijaribu kuifanya simulesheni (kompyuta kukokotoa yenyewe nguo inavyoanguka) ndo imfunge mtu, utazeeka. Izungushe mwenyewe kiunoni kama mkeka uliokunjwa, tabaka na tabaka ziachane sentimita mbili tatu, iwe imenyooka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na lile fundo la kuchomeka pia usilisimuleti, lichonge pembeni kama kitu chake, likae juu ya sehemu uliyopiga pini. Pini ni grupu la ncha zinazoshikiliwa zisianguke: mstari wa juu kiunoni upake 1, kisha ishuke taratibu mpaka 0 ndani ya sentimita tano sita, ukikata ghafla inaonekana kama imegandishwa na supaglu. Ncha za pini zifuate mfupa wa nyonga, na kwenye foleni ya modifaya (vile vitendaji unavyompachika mtu au nguo) mifupa iwe juu, klothi inayoifanya nguo ianguke ifuate, halafu ya unene, na ya kulainisha iwe ya mwisho.

Mwili uwekee kolisheni, yaani nguo igonge mwili badala ya kupenya. Unene wa nje unaanza na 0.02, hiyo ni sentimita mbili, ndo maana nguo inaelea hewani kama haimpendi mwenye nguo. Shusha mpaka 0.005. Kwenye nguo umbali wa kugongana ni 0.015, nao shusha hapo hapo, ila ukishusha umbali panda ubora, mi naweka 10 au 12 badala ya 5. Washa na nguo kujigonga yenyewe, kanga ina matabaka mawili bila hivyo litaingia moja ndani ya jingine.

Preseti, yaani setingi za vitambaa zilizo tayari, zipo tano, pamba, jinzi, ngozi, mpira na hariri. Chukua pamba. Ugumu wa kukunjika unakuja 0.5, hapo tumia akili ya pwani: kanga mpya bado ina dondo, inasimama simama, ipandishe 2 au 3, ile ya kushindia nyumbani iliyofuliwa mpaka imelegea ishushe 0.2. Hii namba moja tu ndo inamwambia mtazamaji kama mama anatoka harusini au anatoka kisimani.

Yaliyonikuta mimi, video ya kwanza kanga ililipuka fremu (picha moja moja ya video) ya 30, ikaruka mpaka darini. Nilihangaika siku mbili na namba kumbe vidole vya mkono vilikuwa vinaingia kwenye paja wakati anatembea, nguo ikabanwa katikati haina pa kwenda. Dawa yake tengeneza mwili wa pili wa kugongana tu, rahisi, hauna vidole, mikono umeipunguza, ule mwili mzuri usiwe na kolisheni kabisa. Na mtu aanze kasimama wima mikono imeachana, mpe fremu 40 aje kwenye pozi la kwanza, fremu 20 nyingine nguo itulie, ndo atembee. Zile za mwanzo unazikata.

Upepo ukitaka ule wa ufukweni Raskazone jioni, nguvu ya 1 haitikisi hata uzi, panda mpaka mamia na uongeze vurugu kidogo usivume sawasawa kama feni.

Kabla ya kuoka, yaani kompyuta ikokotoe mwendo wote wa nguo na kuuhifadhi, sevu faili kwanza, washa kachi ya diski (matokeo yahifadhiwe kwenye diski), halafu oka kuanzia fremu ya kwanza bila kurukaruka kwenye mstari wa muda maana kila fremu inahesabiwa kutoka iliyotangulia. Mi umeme ulikatika fremu ya 190 kati ya 250, betri ya laptopu ni jina tu, na nilikuwa sijasevu, yaani nililala na hasira.

Ilipokamilika nikampelekea shangazi kwenye simu. Akaangalia mara mbili kimya, mi nangoja sifa. "Pembe umeichomeka mbele katikati, huyu akipanda daladala itamvuka." Nikarudi nikasogeza pini upande wa kushoto, nikaoka upya.