Kazi ya duka la mimea Minnesota: ijue kalenda ya jalidi kabla ya majina ya maua

Maduka ya mimea ya Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, huku jimbo la Minnesota, Marekani, huanza kutafuta watu wa msimu Februari na Machi, theluji ikiwa bado imerundikana kwenye maegesho. Omba wakati huo. Ukingoja mpaka uone maua yamepangwa nje, wenzako watakuwa wameshazoea kaunta na mipira ya maji, nawe utaingia katikati ya pilikapilika bila mtu wa kukuelekeza. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali maalumu. Muulize ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujajaza fomu yoyote, wala usimsikilize anayekwambia kila mtu anafanya hivyo. Makaratasi yatakayoharibika ni yako.

Mimi nilikulia Lushoto, Tanzania, nikaenda kwenye usaili nikiamini kazi hii naijua. Na kweli, mkono wa kupanda nilikuja nao: kuutoa mche kitaluni bila kukata mizizi, kuushika udongo na kujua kama umekunywa maji ya kutosha. Nilichokosa ni kalenda. Kwetu mkulima hutazama mawingu akingoja mvua. Minnesota mtu hutazama usiku akingoja jalidi, yaani baridi ya kugandisha majani, iishe, na jua la mchana halikwambii kwamba imeisha. Siku moja ya Aprili huweza kuwa na mchana wa nyuzi 18 za Selsiasi na usiku wa chini ya sifuri. Ndiyo maana wenye bustani wengi wa huku hungoja katikati ya Mei ndipo watoe nyanya na pilipili nje.

Somo hilo lilinigharimu trei nzima za mrihani. Ulikuwa msimu wangu wa kwanza, alasiri ya jua, tukazipanga mbele ya mlango ili wateja wazione. Jioni zamu ya kufunga upande wa nje ilikuwa yangu, nikaingiza mboga na kuiacha ile mirihani kwa kuwa hewa ilikuwa tulivu. Usiku ule baridi haikufika hata sifuri. Asubuhi niliikuta majani yamekuwa meusi, yamelala juu ya udongo kama mboga iliyochemshwa, na harufu yake tamu bado imetanda pale mlangoni. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga nasoma utabiri wa usiku, na chochote nisicho na hakika nacho nakiingiza ndani au nakifunika kwa kitambaa cha kukinga baridi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza acha majina ya Kilatini, jifunze makundi mawili. Kundi la kwanza huvumilia jalidi nyepesi, mradi miche imeshazoeshwa hewa ya nje: maua ya pansi, kabichi, brokoli, sukuma wiki, saladi, spinachi, vitunguu. La pili hufa au kudumaa: nyanya, pilipili, biringanya, matango, mrihani, mchicha na lile ua laini la kivulini liitwalo impatiens. Kuzoesha ni kuutoa mche nje kidogokidogo, leo ukae kivulini kwa saa mbili tu, kesho zaidi, kwa muda wa wiki moja hivi. Utabiri wa Marekani husomwa kwa Farenihaiti, basi shika namba mbili: 32 ndiyo sifuri yetu, na 50 ndiyo nyuzi 10, ambapo usiku ukishuka chini yake mimea ya joto huanza kuteseka.

Hapo ndipo thamani yako kwa mteja ilipo. Atakuja Aprili, amechoka na miezi mitano ya baridi, amekumbatia miche sita ya nyanya. Mwambie ukweli: nunua ukipenda, lakini ikae ndani penye dirisha la jua mpaka Mei. Atakayesikia hivyo atarudi kwako, na ambaye hakuambiwa atarudi pia, akiwa na risiti mkononi na miche iliyokufa. Utakutana na Wakenya wengi, hasa ukifanya kazi upande wa kitongoji cha Brooklyn Park, nao huulizia sukuma wiki, terere na managu, yaani mnavu. Sukuma anaweza kupanda mapema. Terere, yaani mchicha, isubiri udongo upate joto. Swali likikuzidi, mwelekeze kwenye idara ya ugani ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambayo ushauri wake wa bustani hupatikana bure mtandaoni.

Maneno mawili ya lebo yajue kabla ya siku ya kwanza. "Annual" ni mmea wa msimu mmoja, baridi ikija umekwisha. "Perennial" hurudi kila mwaka, ila kwa sharti la namba ya ukanda, inayoonyesha mmea unahimili baridi kiasi gani. Ukanda wa 4 maana yake mmea unahimili baridi ya kufikia nyuzi 34 za Selsiasi chini ya sifuri; namba ikipanda, uvumilivu hupungua. Waridi lenye lebo ya ukanda wa 6 ni zuri sana dukani, lakini majira ya baridi ya Minnesota huenda likashindwa kuyavuka.

Kazi itakayokula saa zako nyingi ni kumwagilia. Wengi huidharau, na ndiyo inayoua mimea mingi. Usimwagilie kwa mazoea. Nyanyua chungu: chepesi kina kiu, kizito kiache. Elekeza maji kwenye udongo, si juu ya maua, uyaache mpaka yachuruzike matunduni chini. Fanya asubuhi, kwa sababu majani yanayolala yamelowa ndani ya banda la nailoni huota ukungu wa kijivu, na ukungu huo huruka kutoka trei hadi trei.

Mwili nao uutunze. Ndani ya banda kuna joto la Tanga, nje upepo unakata masikio, nawe utaingia na kutoka mara hamsini kwa siku. Vaa nguo nyepesi kadhaa zilizopandana kuliko koti moja nene, buti zisizopitisha maji, na uwe na jozi mbili za glovu maana moja italowa. Mfuko wa matandazo uliolala nje ukanywa theluji ni mzito kuliko unavyouona: piga magoti, uukumbatie, au umwite mwenzako. Unapofungua mfuko wa udongo wa kuoteshea geuza uso pembeni, vumbi lake lisiingie mapafuni.

Siku moja tulia kwenye rafu ya mimea ya ndani. Kile chungu kidogo cha maua ya zambarau, chenye majani ya manyoya, ambacho Wamarekani wanakiita urujuani wa Afrika, asili yake ni milima yetu ya Usambara. Kililetwa Ulaya mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul. Na ile impatiens inayouzwa kwa maelfu ni ya misitu ya Afrika Mashariki. Nawaeleza wateja hilo kila ninapopata nafasi, na nafurahi kuona wanavyokigeuzageuza kile chungu wakikitazama upya.

Kuhusu haki zako: tangu Januari 1, 2024, sheria ya Minnesota humpa mfanyakazi saa 1 ya ruhusa ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya, hadi saa 48 kwa mwaka. Mfanyakazi wa muda au wa msimu naye anahesabiwa, mradi anatarajiwa kufikisha saa 80 kwa mwaka. Angalia karatasi ya mshahara kama saa hizo zinaandikwa. Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, duka hujaa wateja, basi usiombe likizo wala usipange sherehe. Saa za kazi hupungua Juni inapoendelea, kwa hiyo mwishoni mwa Mei muulize meneja nani atabakizwa kwa ajili ya maua na maboga ya Septemba, na miti ya Krismasi ya Novemba.