Mwezi wa Urithi wa Wahispania: anza na jina usilolijua

Kila Septemba nakabidhiwa meza iliyo karibu na mlango wa maktaba ninakojitolea, hapa Houston, niipambe kwa ajili ya Mwezi wa Urithi wa Wahispania, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini na nchi nyingine za Kihispania. Kwenye boksi la vifaa mna picha ya mchoraji wa Meksiko Frida Kahlo, picha ya César Chávez, mtetezi wa wafanyakazi wa mashambani, na bendera za karatasi. Sina ugomvi na Frida wala Chávez, ila watu huipita meza yao bila kusimama, kwa sababu hakuna jipya la kutazama. Siku hizi picha hizo naziacha humo humo ndani ya boksi. Kama nawe umepewa meza, darasa au kikundi cha kusoma, jaribu njia hii.

Tarehe kwanza, maana huulizwa sana. Mwezi wenyewe unaanza Septemba 15 na kwisha Oktoba 15. Unaanzia katikati kwa sababu Septemba 15 ni siku ya uhuru wa Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, tangu 1821. Meksiko inafuata tarehe 16, Chile tarehe 18. Rais Lyndon Johnson aliutangaza kama wiki mwaka 1968, na 1988 ukawa mwezi mzima. Hayo yanatosha kikaratasi kimoja, usiyajazie ukuta.

Kisha chagua mtu mmoja. Mabango yenye sura ishirini na mstari mmoja chini ya kila sura hayamfundishi mtu kitu. Tafuta mtu aliyeacha kitu cha kushikika: maandishi, picha, kesi mahakamani. Kwa anayeanza, mimi humtaja Jovita Idár, mzaliwa wa Laredo, Texas, 1885. Alisomea ualimu, akaingia darasani, akaona hali duni waliyosomea watoto wa Kimeksiko, akauacha ualimu na kwenda kuandika katika La Crónica, gazeti la baba yake. Mwaka 1911 akawa rais wa La Liga Femenil Mexicanista, chama cha wanawake kilichofundisha watoto maskini bila malipo.

Kisa chake kikubwa ni cha 1914. Gazeti la El Progreso, alikokuwa akifanya kazi wakati huo, lilichapisha tahariri ya kumpinga Rais Woodrow Wilson kwa kupeleka wanajeshi mpakani na Meksiko. Askari wa Texas Rangers, kikosi cha usalama cha jimbo hilo, wakaja kulifunga. Jovita akasimama mlangoni, akagoma kuwapisha. Wakaondoka. Walirudi siku nyingine, yeye hayupo, wakaivunja mitambo ya kuchapia.

Kitu cha kuweka mezani ni sarafu. Mwaka 2023 sura yake ilipigwa kwenye sarafu ya Marekani ya senti 25. Angalia chenji yako, huenda unayo. Mimi huiweka kando ya lenzi ya kukuzia, kwa sababu vazi lake kwenye sarafu hiyo limechorwa kwa maneno: majina ya magazeti aliyoyaandikia na mambo aliyoyafanya. Watoto huinama kuyasoma, na wazazi waliokuwa wakiharakisha kutoka hulazimika kungoja.

Ukishampata mtu wako, soma alichoandika mwenyewe kabla ya kusoma walichoandika wengine kumhusu. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa bure mtandaoni wa magazeti ya zamani, yakiwemo ya Kihispania. Kwa riwaya, mtafute María Amparo Ruiz de Burton, aliyezaliwa Baja California 1832. The Squatter and the Don aliitoa 1885 kwa jina la bandia, C. Loyal: ni hadithi ya wenye ardhi wa Kimeksiko huko California wanaonyang'anywa mashamba na wavamizi, huku kampuni ya reli ikiwamaliza. Kitabu kikasahaulika zaidi ya miaka 100, hadi Arte Público Press, shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Houston, lilipokitoa upya 1992. Lakini usimtakase. Bibi huyu alikuwa wa tabaka la matajiri, na wenyeji wa asili pamoja na vibarua anawatazama kwa dharau. Kundi likigundua hilo, liache libishane. Mjadala wa namna hiyo una faida kuliko makofi.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni kufuata anwani. Chukua tawi la maktaba la mtaa wa 135, Harlem, New York. Mwaka 1921 liliajiri msichana kutoka Cidra, Puerto Rico, jina lake Pura Belpré, Mpuerto Rico wa kwanza kuajiriwa na maktaba za jiji hilo. Aliona rafu za watoto hazina hata hadithi moja ya kwao, basi akaanza kusimulia zile alizozisikia nyumbani, baadaye akitumia na vikaragosi alivyovitengeneza mwenyewe. Mwaka 1932 ikatoka Perez and Martina: mende wa kike aitwaye Martina, maridadi na mwenye maringo, anawakataa wachumba wote hadi anapokuja Pérez, panya mtanashati. Wanaoana. Siku moja Pérez anavutiwa na harufu ya chakula cha sikukuu, anachungulia chunguni, anatumbukia na kufa. Ukiwasimulia watoto hadithi hii, usiibadilishe mwisho wake. Kila mchumba mpe sauti yake, na pale chunguni nyamaza kidogo. Wataomba uirudie.

Tawi hilo hilo la mtaa wa 135, mwaka 1926, ndilo lililopokea vitabu vya Mpuerto Rico mwingine. Arturo Alfonso Schomburg alizaliwa Santurce 1874, mama yake mwanamke mweusi wa St. Croix, kisiwa cha Karibi. Alifika New York 1891, akaingia katika harakati za kuzikomboa Kuba na Puerto Rico kutoka kwa Uhispania. Riziki yake ilitoka benki, idara ya barua, na pesa zake ziliishia kwenye vitabu. Alisimulia kwamba utotoni mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia. Jibu lake lilikuwa maelfu ya vitabu, hati na picha, ambavyo maktaba ya New York ilivinunua kwa dola 10,000 zilizotolewa na mfuko wa hisani wa Carnegie Corporation. Akafunga safari ya Uhispania, na huko Madrid akasimama mbele ya mchoro wa Juan de Pareja, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wa mchoraji Velázquez, kisha akawa mchoraji mwenyewe. Leo mkusanyo ule ndio chimbuko la Schomburg Center, kituo cha utafiti wa historia ya watu weusi, pale pale Harlem. Wengi wanaolijua jina hilo hawajui kama mwenyewe alikuwa Mpuerto Rico. Huyu ndiye ninayemtumia mtu akiniambia urithi wa Wahispania na urithi wa Waafrika ni meza mbili tofauti.

Kwa wasanii, nina sharti moja: tazama kwanza, kusoma baadaye. Weka nakala ya Sun Mad, bango la Ester Hernández la 1982, na ufunike maelezo yake. Mtu akiwa mbali huona tangazo la zabibu kavu za Sun-Maid analolijua: jua la manjano, binti mwenye kofia nyekundu, sinia la zabibu. Akisogea, binti amekuwa mifupa mitupu, na maandishi ya chini yanaorodhesha dawa za kuua wadudu na magugu. Mwache ashtuke. Ndipo ufunue na kumweleza kwamba Ester alikulia Dinuba, California, katika familia ya wafanyakazi wa mashambani, na kwamba aliichora baada ya kujua kuwa maji ya kwao yamechafuliwa na dawa hizo. Wa pili awe Carmen Herrera, mzaliwa wa Havana 1915. Alichora mistari mikali na rangi mbili tatu miaka nenda rudi jijini New York, na mchoro wa kwanza ukauzwa akiwa na miaka 89. Alifariki 2022 akiwa na miaka 106.

Wanaharakati wanahitaji mikono. Nunua mfuko wa pikani, aina ya njugu, zenye maganda, uweke bakuli na mzani, uwaambie watu wabangue. Wakishachoka, waambie habari za San Antonio, Januari 1938: wabanguaji pikani, wengi wao wanawake wa Kimeksiko, walikatwa malipo kutoka senti 6 au 7 kwa ratili hadi senti 5 au 6. Takriban watu 12,000 waligoma, na sauti yao ilikuwa Emma Tenayuca, binti wa miaka 21. Wengi walikamatwa. Suala likapelekwa kwa wasuluhishi, na mwaka huo huo sheria mpya ya nchi nzima ikaweka kima cha chini cha senti 25 kwa saa. Matajiri wakaleta mashine, na maelfu wakakosa kazi. Sehemu hiyo ya mwisho usiiruke. Wanaobangua ndio watakaoiuliza.

Mwishoni toa vikadi, kila kimoja na jina moja tu, mtu aende nalo nyumbani. Nyuma ya kadi ya Emma mimi huandika Luisa Moreno, Mguatemala aliyetumwa na chama cha wafanyakazi kwenda San Antonio kuwapanga wabanguaji hao hao, na aliyeondoka Marekani 1950 huku akitishiwa kufukuzwa nchini. Nyuma ya kadi ya Luisa, anayekichukua ndiye ataandika.