Namna ya kujua mafuta yaliyobaki kwenye ndege uliyoijenga mwenyewe

Ndege ya kiwandani inakuja na kitabu chake, kimeandikwa tangi linachukua lita ngapi, ngapi kati ya hizo injini haiwezi kuzivuta, na kwa saa inakunywa kiasi gani. Ndege uliyoijenga bandani kwako haina hicho kitabu mpaka ukiandike wewe. Kiwanda ni wewe. Michoro uliyonunua inakupa makadirio tu, mana tangi umelikunja kwa mkono wako, silanti (gundi ya kuziba viungo vya tangi) umepaka wewe na waya wa boya la geji umeupinda wewe. Kwahiyo mimi msimamo wangu ni mmoja tu: namba yoyote ya mafuta ambayo hujaipima mwenyewe kwenye ndege yako hiyo hiyo, ihesabu kama haipo. Haijalishi skrini yako ya kuonyesha mafuta ni ya bei gani au inaonyesha desimali ngapi.

Kabla ya kushika spana chagua kipimo kimoja ukae nacho. Lita au galoni, kilo au paundi, usichanganye. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, tofauti yake ni karibu robo tatu ya lita kwa kila galoni, alafu skrini nyingi zimetengenezwa Marekani na pampu unayojazia inasoma lita. Kwa uzito, petroli ya ndege ni kama kilo 0.72 kwa lita. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa juu Kanada, mageji yalikuwa hayafanyi kazi wakapima kwa kijiti, kijiti kilisoma sawasawa kabisa, ila kwenye kugeuza lita kuwa kilo wakatumia namba ya paundi (1.77) badala ya ya kilo (0.80), wakaondoka na chini ya nusu ya mafuta waliyohitaji. Wakatua bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli na hakuna aliyekufa. Wale walikuwa marubani wazoefu na wahudumu wa chini kibao, wewe uko peke yako na kalamu.

Sasa kazi yenyewe. Itakula siku nzima, usiibane kwenye jioni moja.

Toa ndege nje, mbali na kila kitu cha moto, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, funga waya wa kuunganisha ndege na chombo unachomiminia ili umeme tuli usiruke cheche. Hapa naomba unisikilize vizuri: madumu ya plastiki yanabeba umeme tuli, hasa likiwa limekaa juu ya plastiki nyingine, liweke chini ardhini wakati wa kulijaza na ukiweza tumia la chuma. Alafu iweke ndege kwenye mkao wa kuruka, yani kama inavyokaa angani kwenye safari. Kama ina gurudumu la mkia inua mkia kwa stendi mpaka pima maji ikubali, kulia kushoto na mbele nyuma. Watu wengi wanaruka hii hatua alafu wanashangaa geji inasema kitu kingine wakiwa hewani.

Dreni tangi lote mpaka likauke. Fungua paipu kwenye kabureta, elekeza kwenye dumu, mimina mafuta kidogo kidogo tangini huku koki iko wazi (na pampu ya umeme imewashwa kama unayo) mpaka yaanze kutoka mfululizo bila mapovu. Kiasi ulichokwisha mimina mpaka hapo, toa kilichojaza paipu na filta, ndo mafuta yasiyotumika kwa mkao huo. Rudia pua ikiwa imeinuka kama unavyopanda, na pua ikiwa imeshuka kama unavyokuja kutua. Utapata namba tatu tofauti. Chukua kubwa kuliko zote, hiyo ndo sifuri yako, na geji yako ianzie hapo. Usiianzishe kwenye sakafu ya tangi.

Kuanzia hapo rudisha ndege kwenye mkao wa safari na ongeza lita 5 kwa wakati. Kila ukimimina subiri dakika mbili mafuta yatulie, soma geji, andika. Mi natumia jagi nililolihakiki kwa mizani kwanza, mana majagi mengi ya dukani mistari yake imechorwa kwa macho tu. Nilipofanya tangi langu la kushoto, lina lita 70, geji ilipanda vizuri mpaka lita 52 ikagoma. Nikamimina 5, kimya. Nikamimina 5 nyingine, kimya. Nikadhani waya umekatika, nikafungua plagi, nikapima, waya mzima. Kumbe mabawa yangu yameinuka kidogo kuelekea ncha, boya liko upande wa kiunoni mwa ndege, likishagusa dari la tangi limemaliza safari yake wakati huku nje ya bawa bado kuna nafasi ya lita karibu 18. Maana yake angani geji ingeniambia tangi limejaa kwa zaidi ya nusu saa huku injini inakunywa, alafu ingeanza kushuka ghafla. Hiyo sio hitilafu, ndo umbo la tangi lilivyo, lakini kama hujalipima hulijui. Kwenye skrini nikaandika kwamba juu ya 52 isinionyeshe namba, inionyeshe alama ya "zaidi ya 52".

Kama sensa zako sio za boya, ni zile za kupima kwa umeme kati ya bamba mbili, zingatia aina ya petroli. Petroli yenye ethanoli inabadilisha usomaji wake, kwahiyo ukikalibreti (yani ukilinganisha geji na lita ulizopima kweli) kwa petroli ya ndege alafu ukajaza ya magari yenye ethanoli, geji itakudanganya na haitakupa onyo lolote. Aidha kaa na aina moja, aidha kalibreti mara mbili.

Ukiwa bado na jagi mkononi tengeneza na kijiti cha kupimia, ila hiki sasa kikalibreti ndege ikiwa imekaa kama inavyoegeshwa, mkia chini, mana hapo ndo utakapokitumia. Kijiti cha mbao isiyopakwa rangi kinafaa, au mrija wa plastiki ngumu unaouziba kwa kidole gumba juu. Andika juu yake jina la ndege na tangi, kulia au kushoto, usiazime cha mwenzako hata kama ndege zenu ni za michoro ile ile.

Tukija kwenye sensa ya mtiririko, ile ndogo yenye kigurudumu ndani kinachozunguka mafuta yakipita na kuhesabu. Hii ni nzuri sana kuliko geji, ikikalibretiwa inakuwa sahihi mno, na ndo mana watu wanaiamini kupita kiasi. Ifunge baada ya filta, paipu inayoingia iwe imenyooka, isiwe imetoka tu kwenye kona kali, mbali na joto la ekzosi, na fuata karatasi ya mtengenezaji ni upande gani utazame juu. Kila sensa ina namba yake ya K, yani mapigo mangapi kwa galoni au lita, na ukiiacha ile ya kiwandani bado utakuwa na kosa kidogo. Kurekebisha ni rahisi: jaza tangi mpaka alama unayoijua, ruka safari kadhaa, jaza tena mpaka alama ile ile ndege ikiwa imesimama pale pale. Namba mpya ya K ni ya zamani zidisha kwa lita ilizosema skrini, gawa kwa lita ulizojaza kweli. Mfano ilikuwa 68,000, skrini imesema umetumia 62, pampu imekujazia 60, basi weka kama 70,270. Usifanye kwa safari moja fupi, kusanya angalau lita mia hivi.

Kuna mambo mawili hiyo sensa haiyajui kabisa. Kwanza haijui ulianza na ngapi, inajua ulichoiambia. Ukibonyeza "full" tangi likiwa limepungua lita 8, hizo lita 8 za hewa utazibeba mpaka mwisho wa safari. Pili haioni mafuta yanayopotea kabla hayajaifikia. Kifuniko kisipokaa sawa hewa inayopita juu ya bawa inanyonya mafuta nje, na skrini itaendelea kukwambia zimebaki lita 40 kwa raha zake. Ndo mana geji ya tangini hata kama ni mbovu mbovu bado unaihitaji, mana ndo pekee inayotazama ndani ya tangi.

Wenye injini ya Rotax 912 angalieni paipu ya kurudisha, ile inayorudisha tangini mafuta ambayo injini haikuyatumia. Mafuta yanayorudi tangini sensa ya njia ya kwenda inayahesabu kama yameliwa, kwahiyo weka sensa ya pili kwenye njia ya kurudi skrini itoe tofauti, au weka sensa moja baada ya pale paipu ya kurudi inapogawanyika. Alafu jua paipu hiyo inarudisha tangi gani. Ukila tangi la kulia huku mafuta yanarudi la kushoto ambalo limejaa, ziada inamwagika nje kwenye tundu la kupumulia.

Kabla ndege haijaruka mara ya kwanza pima kama mfumo unaweza kuilisha injini. Mafuta yanayoshuka yenyewe kwa mvuto yafikie asilimia 150 ya kile injini inachokula ikiwa nguvu zote, na yenye pampu asilimia 125, pua ikiwa imeinuka kwenye pembe kali kuliko utakayopanda nayo na tangi likiwa na mafuta kidogo. Rotax 912 ULS inakula mpaka lita 27 kwa saa ikiwa wazi yote, kwahiyo kwa mvuto unataka lita 40 na nusu, yani kopo la lita moja lijae chini ya sekunde 89. Likichelewa tafuta: kona nyingi, filta ndogo, tundu la kupumulia limeziba. Hayo matundu nyigu wa udongo wanayapenda sana, ziba kwa kitambaa chekundu ndege ikilala na toa kabla ya kuruka.

Sasa koki ya kuchagua tangi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu inauma. Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 baharini karibu na Pacific Grove, California, akiendesha Long-EZ, ndege ndogo ya kujengea nyumbani, iliyojengwa na mtu mwingine. Kwenye michoro ya ile ndege koki iko mbele kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Mageji yalikuwa mirija ya kutazamia huko nyuma, haina alama. Kuigeuza ile koki inabidi ugeuze kiwiliwili chote, na ukijipinda hivyo mguu unakanyaga pedali bila wewe kutaka. Wachunguzi waliitaja hiyo sehemu ilipowekwa kama moja ya sababu. Kwahiyo kabla hujatoboa tundu la koki kaa kwenye kiti, funga mkanda kabisa, shika fimbo ya kuongozea ndege, funga macho, peleka mkono. Kama huifikii bila kuinama, hapo sio mahali pake. Izungushe kila mwezi, ikianza kuwa ngumu ifungue usiitafutie koleo. Na ukinunua ndege iliyojengwa na mwingine, fanya jaribio hilo hilo kabla hujatoa hela.

Angani mimi nafanya hivi. Ndege yenye mabawa chini haina nafasi ya "yote mawili" kwenye koki, mana pampu ikipata tangi moja tupu inavuta hewa inaacha mafuta ya lingine, kwahiyo nabadilisha kila dakika 30 kwa saa ya mkononi. Napaa na tangi ambalo nimeshapasha nalo injini, sibadilishi nikikaribia kuondoka. Nikibadilisha nawasha pampu ya ziada kwanza, nageuza, natazama presha kwa dakika nzima ndo nazima, na nachagua kufanya hivyo nikiwa juu na kuna mahali pa kutua chini yangu. Kila nikibadilisha naandika kwenye karatasi gotini: saa, tangi, geji, skrini. Vikipishana zaidi ya lita 8 naamini kidogo kuliko vyote na naanza kutafuta uwanja, sisubiri kuelewa kwanza kwanini. Sheria ya Marekani kwa kuruka kwa macho (yani kwa kutazama nje, sio kwa vyombo) inataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku, mimi kwa ndege ya kujengea natua na saa nzima, na saa 40 za mwanzo saa moja na nusu, mana bado sijui injini yangu inakula kiasi gani.

Kudreni maji kila asubuhi na kila baada ya kujaza, hiyo haina mjadala. Ila chupa ikijaa kioevu cha rangi moja usifurahi haraka, inaweza kuwa maji matupu. Nusa, tazama rangi (petroli ya ndege ya 100LL ni ya bluu), tonesha kidoleni uone kama inakauka. Ukiona vipande laini kama ngozi, hiyo ni silanti inaambuka ndani ya tangi, simamisha ndege ufungue filta.

Na daftari. Kila ukijaza andika namba tatu: kijiti kilisema ngapi kabla, skrini ilisema umetumia ngapi, pampu imekuuzia ngapi. Mimi ya kwangu ina kurasa kumi na moja sasa, na ukurasa wa tisa ndo ulionionyesha kifuniko cha kulia kinavujisha, lita mbili tatu kila safari, mpira wake ulikuwa umekauka.