Kumfundisha mtoto kukisia urefu kwa vizibo, chelewa na shibiri

Mtoto wa miaka mitano au sita akikisia urefu hovyo, mara nyingi tatizo si hesabu. Hana kipimo machoni. Mpe kimoja tu, akizoee wiki nzima, ndipo uongeze cha pili. Rula isubiri.

Anza na vizibo vya soda. Vinalingana, kila kimoja upana wake ni karibu sentimita 3, na muuza duka atakupa bure. Okota 20, vioshe, na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni wasivikaribie. Karafuu zinavutia zaidi, hasa Pemba wakati wa msimu, lakini hazilingani. Ziweke akiba kwa siku ya kumwonyesha kwa nini kipimo lazima kilingane.

Mwekee daftari la skuli sakafuni. Muulize vizibo vingapi vitaenea kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Andika jibu lake kwa chaki kabla hajagusa kizibo. Aanze kupanga, akifika cha tatu, msimamishe: "Sasa unasemaje, ni vile vile?" Jibu jipya liandike pembeni, la kwanza usilifute. Hapa ndipo anapojifunza kukisia, kwa sababu ameshaona sehemu ya urefu na analinganisha na iliyobaki. Daftari la sentimita 21 litakula vizibo kama 7. Akisema 9, mwambie "umezidisha viwili", usimwambie amekosea. Akiona haya, kesho atasubiri kupima kwanza ndipo "akisie".

Tizama mikono yake. Wengi huacha nafasi kati ya vizibo, huvipandanisha, au huanzia ndani ya ukingo.

Kosa gumu zaidi huja anapotumia kijiti kimoja cha chelewa (uti wa ukuti wa mnazi) na kukihamisha: hugusa mwanzo na kusema "moja", kwa sababu anahesabu alama, hahesabu nafasi. Kwa hiyo kata vijiti 10 vya sentimita 10, avipange vyote kwanza. Vikijipanga ni mita moja kamili, na siku ya rula hatakuwa mgeni.

Kisha mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kama sentimita 45 kwa mtu mzima. Mikono minne ni pima. Kama nyumbani kuna bibi anayesuka ukili, mwombe amwonyeshe anavyouhesabu kwa pima. Baraza moja ipimwe na mama, kisha na mtoto. Shibiri za mtoto zitakuwa nyingi, naye atasema baraza yake ndiyo ndefu! Usimsahihishe haraka. Waweke viganja pamoja, aone mwenyewe.

Kwa kitu kirefu, kama mkeka, akisie nusu kisha aongeze mara mbili. Akikisia ndani ya vizibo 10, kukosa kwa viwili ni kuzuri.

Mwisho jaribu ndoo. Muulize kipi kirefu, kimo chake au mzunguko wa mdomo. Karibu wote hutaja kimo. Zungusha kamba mdomoni, ikate, inyooshe kando ya ndoo: itafika mara tatu na ushei ya upana wa mdomo, na kimo kitaachwa mbali.